Nyigu wa Kijani na Kandambili ya Kariakoo

Mende wa Kariakoo hatembei, anakimbia. Ndiyo maana yule wa asubuhi ile alinishtua. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la mama lishe mmoja karibu na Mtaa wa Mkunguni nikisubiri supu, na chini ya ukuta, pembeni mwa mfuniko wa chemba, mende mkubwa wa kahawia alikuwa akienda mwendo wa pole kama mzee anayepelekwa zahanati na mjukuu wake. Nikainama kutazama. Mjukuu alikuwepo kweli. Mdudu mwembamba, mdogo kuliko mende, rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu kama satini ya duka la Mtaa wa Congo, mapaja mekundu, alikuwa amemshika mende sharubu na kumvuta kinyumenyume, vile mtu avutavyo mbuzi kwa kamba kwenda mnadani.

Kijana wa kuosha vyombo naye akawaona. Akavua kandambili. Pigo moja, wote wawili wakalala.

"Samahani mzee, usafi," akaniambia, akawasukumia mtaroni kwa ncha ya ufagio.

Sikumlaumu. Kibanda cha chakula hakitakiwi kuonekana na mende, na yule wa kijani angeweza kuwa kitu chochote. Lakini kati ya wale wawili aliowaua, mmoja ndiye aliyekuwa akiifanya kazi ambayo wafanyabiashara wa mtaa ule hulipia fedha kila mwezi.

Kitaalamu mdudu huyo anaitwa Ampulex compressa. Kiswahili cha mitaani hakimtofautishi na wenzake; wote ni nyigu, basi mimi hapa nitamwita nyigu wa mende. Anaishi katika nchi za joto, Afrika, Asia ya Kusini na visiwa vya Pasifiki, na pwani yetu ni kwao. Mojawapo ya picha zake zinazozunguka sana mtandaoni ilipigwa hapahapa Dar es Salaam. Wanafunzi wa biolojia wa ng'ambo wanamfahamu nyigu wa jiji hili kuliko sisi tunaopishana naye kwenye ngazi za magesti.

Umaarufu huo ameupata kwa namna anavyowinda. Jike, ambaye urefu wake ni kama sentimita mbili, humvamia mende na kumchoma kifuani, na miguu ya mbele ya mende hulegea kwa dakika chache. Katika dakika hizo nyigu humchoma mara ya pili, na hapo ndipo ufundi ulipo: mwiba hupita shingoni, ukaingia kichwani, ukatafuta sehemu maalumu ya ubongo kama fundi saa anavyotafuta skrubu asiyoiona. Mtafiti Frederic Libersat na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, wametumia miaka mingi kuchunguza sumu hiyo. Mende hafi wala hapoozi. Miguu yake ni mizima. Kinachomtoka ni nia ya kuanza safari mwenyewe. Hukaa palepale akijipangusa kwa kama nusu saa, wakati nyigu amekwenda kutafuta shimo. Nyigu akirudi hukata sharubu za mende zibaki vipande, akanywa matone yanayotoka, kisha akashika kipande kimoja na kumwongoza mateka wake kwa miguu yake mwenyewe hadi shimoni. Humo hutaga yai moja juu ya mguu wa mende, akatoka, akaziba mlango kwa vijiwe na takataka, akaenda zake.

Yanayofuata, msomaji anayekunywa chai anisamehe. Buu huanguliwa baada ya siku kama tatu, humla mende kwanza kwa nje, kisha huingia ndani na kumaliza kazi. Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani walieleza kwamba buu hilo hutoa majimaji yanayoua bakteria na kuyapaka ndani ya mende, ili chakula kisioze. Takriban wiki sita tangu yai litagwe, nyigu mpya hupasua ganda tupu na kutoka aking'aa.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu mkataba uliomo humo ni wa ajabu, na ndio unaomweka nyigu hatarini. Mende mmoja hulea nyigu mmoja. Mende jike naye, kila anapotoa kifuko cha mayai, hutoa watoto kama kumi na tano, na vifuko hivyo huvitoa vingi katika maisha yake. Ukipuliza dawa kwenye korido ya gesti leo, utaua mende mia na nyigu wawili. Mende waliobaki kwenye chemba watairudisha ile mia mapema sana. Wale nyigu wawili hawarudi kwa kasi hiyo, kwa kuwa wanaanza upya na yai moja kwa kila windo, na sumu iliyobaki ukutani inawasubiri. Mwindaji siku zote huchelewa kupona kuliko mwindwaji. Kwa simba wa Serengeti jambo hili tunalielewa, kwa nyigu wa Mtaa wa Sikukuu hatujawahi kulifikiria.

Na dawa Kariakoo si ya kutafuta. Inakutafuta yenyewe. Kila anayepita hapo ameisikia ile sauti iliyorekodiwa inayotoka kwenye spika ndogo juu ya toroli: dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya panya, dawa ya viroboto, mfululizo bila kupumua. Kuna chaki, kuna unga, kuna chupa ndogo isiyo na lebo ambayo muuzaji anakuhakikishia kwamba ukiweka matone mawili jioni, asubuhi utafagia. Sheria ya afya ya mimea ya mwaka 2020, iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), inataka kiuatilifu kisajiliwe kabla ya kuuzwa. Ile chupa isiyo na lebo haina hata jina la kuandikisha. Anayeitumia hajui ameweka sumu gani karibu na sufuria ya ubwabwa, kwa hiyo kabla hatujafika kwa nyigu kuna binadamu wa kuwaza habari zake.

Hapa nisieleweke vibaya. Sidai kwamba tukiacha dawa nyigu atatumalizia mende. Jaribio hilo lilishafanywa: mwaka 1941 mtaalamu F. X. Williams alimpeleka nyigu huyu Hawaii akitumaini atapunguza mende huko. Nyigu alizoea, akazaana, yuko mpaka leo. Mende nao wapo mpaka leo. Mwindaji mmoja mmoja, mwenye eneo lake dogo, haliwezi jeshi. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: kumwua anayekusaidia robo ya kazi kwa sababu hakukumalizia yote ni hesabu mbaya, hasa katika soko linaloishi kwa hesabu.

Sumu ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni nyumba.

Kariakoo ya zamani ilikuwa ya nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba ubavuni, baraza mbele, uani nyuma penye choo, jiko na mahali pa kufulia, mara nyingi na mpapai au mwarobaini. Kuta zilikuwa za boriti, fito na udongo, baadaye tofali na plasta iliyopasukapasuka. Kwa nyigu ule ulikuwa mji uliojengwa kwa vipimo vyake. Shimo la kumtia mende lilikuwepo kila kona. Tope la kujengea lilikuwepo uani, pale maji ya kufulia yalipomwagwa. Maua ya kunywa utamu yalikuwepo, maana nyigu mkubwa, kwa ukali wake wote, chakula chake mwenyewe ni maji ya maua.

Tope ninalitaja kwa ajili ya nyigu mwingine, ambaye hakuna mtoto wa pwani asiyemjua: yule mweusi mwenye miguu ya njano na kiuno chembamba kama uzi, anayejenga vyumba vya udongo juu ya fremu ya mlango au nyuma ya picha ya ukutani. Wataalamu humwita Sceliphron spirifex. Kila chumba hukijaza buibui aliowapooza kwa mwiba, akaweka yai, akaziba. Huyu ndiye mwenye kile kiuno kinachosifiwa kwenye nyimbo na vijiweni. Binti akiambiwa ana kiuno cha nyigu hutabasamu, na akirudi nyumbani hupewa ufagio akamvunjie nyigu kiota. Kumchoma mtu ni nadra kwake. Hana ufalme wa kulinda kama nyuki, wala kundi. Ni fundi mwashi anayefanya kazi peke yake, asiye na saidia fundi.

Sasa angalia Kariakoo ya leo. Tangu miaka ya 1990 nyumba hizo zimevunjwa moja baada ya nyingine, na juu ya viwanja vyake yamesimama maghorofa ya maduka, bohari na vyumba vya kulala wageni. Kuta ni vioo na alumini, sakafu marumaru, uani umekuwa stoo, na pale palipobaki wazi pamezibwa kwa zege au vitofali vya pevingi. Ni biashara, na biashara hiyo inalisha watu kutoka Lubumbashi hadi Lilongwe. Hakuna mwenye akili atakayetaka mji urudi kwenye fito. Ila fundi mwashi asiyepata tope hajengi. Mwaka mzima nimekuwa nikitazama fremu za milango ninapopita mitaa ya Aggrey, Narung'ombe na Tandamti, na viota vya udongo nilivyoviona vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, vyote kwenye nyumba za zamani ambazo tayari zimezungushiwa mabati ya ujenzi. Huo si utafiti, ni macho ya mpita njia. Lakini hakuna mwingine anayehesabu.

Miti nayo imebaki kwenye majina. Mkunguni ni mahali penye mkungu. Mtaa wa Mchikichi na kata ya Mchikichini vimeachiwa jina la mchikichi. Mnazi Mmoja, Mkwajuni, Mwembechai: Dar es Salaam ni jiji ambalo ukilisoma vibao vya daladala unadhani unasoma kitabu cha misitu. Hata lile soko kuu lenyewe, kazi ya msanifu Beda Amuli iliyofunguliwa mwaka 1975, paa lake limebebwa na nguzo za zege zinazotanuka juu kama miavuli, au kama miti. Lilipoungua Julai 10, 2021, watu walizungumzia mabilioni yaliyoteketea, na ilikuwa haki. Mimi nilipata wazo la kijinga kidogo, kwamba msitu mkubwa kuliko yote wa Kariakoo ni wa saruji, na hata huo umeshika moto.

Kijani kilichobaki katikati ya jiji kina historia yenye ukakasi. Bustani ya mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 chini ya Franz Stuhlmann, shabaha ikiwa kujaribu mazao ya kibiashara ya koloni. Uwanja wa Mnazi Mmoja Waingereza waliuacha wazi ili utenge Uhindini na makazi ya Waafrika wa Kariakoo. Yaani mahali ambapo nyigu wa leo anaweza kupata ua, kivuli na udongo mtupu, palibakizwa na wakoloni kwa faida yao na kwa ubaguzi wao. Sisi wenyewe, tangu tulipolichukua jiji, tumeongeza bustani ngapi kati ya Mnazi Mmoja na Jangwani? Swali hilo ni la madiwani, si la nyigu.

Yupo nyigu wa tatu, ambaye karibu hakuna aliyewahi kumwona. Urefu wake ni milimita chache, naye ni wa mkuyu. Kuyu, kama tini nyingine zote, si tunda la kawaida. Ni kifuko kilichofungia maua yake kwa ndani, na mlango ni tundu dogo sana ambalo nyigu wake pekee hujua kulipenya. Nyigu jike wa mkuyu, Ceratosolen arabicus, huingia na chavua aliyoitoa kwenye kuyu alilozaliwa, akachavusha, akataga, akafia humohumo. Wanawe wa kiume huzaliwa bila mbawa; kazi yao ni kupandana na dada zao na kutoboa njia ya hao dada kutokea, kisha maisha yao yameisha. Majike waliotoka wana siku moja au mbili za kuishi. Katika siku hizo lazima wapate mkuyu mwingine wenye makuyu yaliyofikia hatua ileile, la sivyo kizazi kimekatika.

Mwaka 1968 Jacob Galil na Dan Eisikowitch walichapisha utafiti wao kuhusu mikuyu ya Afrika Mashariki, na humo yumo nyigu wa pili anayeingia ndani ya kuyu, akataga, lakini hana habari ya kuchavusha. Anakula kwa mgongo wa mwenzake. Kwa hiyo hata ndani ya kuyu wapo matapeli. Kariakoo isijione pekee.

Umuhimu wa nyigu wa kweli waulizwe Wamisri. Kule mkuyu ulifika tangu enzi za mafarao, nyigu wake hakudumu nao, na ukabaki mti usiozaa mbegu. Kwa maelfu ya miaka wakulima wameupanda kwa vipandikizi, na kuchanja kila tunda kwa kisu ili liive. Sisi kazi hiyo tunafanyiwa bure. Huko Namibia watafiti walikuta, wakachapisha mwaka 2009, kwamba nyigu huyuhuyu huchukuliwa na upepo hadi zaidi ya kilomita 160 kutoka mti hadi mti. Mkuyu mmoja uliosalia nyuma ya gereji mjini unaweza bado kuwa unaongea na mikuyu ya kingo za Ruvu. Ukiukata hujaondoa mti mmoja tu. Umefunga kituo ambacho wasafiri wenye siku mbili za uhai walikuwa wakitegemea kushukia.

Nyigu wa nne tunamla kila siku bila kujua. Katika miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo kutoka Amerika ya Kusini aliingia Kongo na kusambaa kote Afrika, mashamba yakakauka. Aliyemdhibiti alikuwa nyigu mdogo aliyetafutwa hadi Paraguay na kuachiwa Afrika kuanzia mwaka 1981, chini ya mradi ulioongozwa na Hans Herren, ambaye kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Mhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu unaouzwa jioni pale Msimbazi una deni kwa nyigu.

Sasa niulizwe: je, nyigu hawa wamo kwenye orodha ya walio hatarini? Orodha Nyekundu ya shirika la uhifadhi duniani, IUCN, ilianza mwaka 1964. Wadudu waliokwisha kupewa majina na sayansi wamepita milioni moja, na waliopimwa kwa ajili ya orodha hiyo ni kama mmoja katika kila mia. Waliobahatika zaidi ni vipepeo, kereng'ende na baadhi ya nyuki. Nyigu, ambao jamii zake zilizoelezwa zinazidi 100,000, wamepimwa wachache mno. Kutokuwemo humo hakumaanishi mdudu yuko salama; mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyekwenda kumtazama. Na mdudu wa mjini ana balaa la ziada, kwa sababu mtafiti akipata fedha za safari huenda Usambara au Udzungwa, si Shimoni chini ya soko.

Chuki nayo imechangia. Mwaka 2018 Seirian Sumner wa chuo cha University College London na wenzake waliwauliza watu mamia waandike maneno yanayowajia wakisikia nyuki na wakisikia nyigu. Nyuki alipata asali na maua, nyigu akapata mwiba. Sumner alionyesha pia kwamba hata wanasayansi wenyewe humchunguza nyigu kidogo kuliko nyuki. Kwetu nyuki ana sheria yake ya mwaka 2002, ana maofisa wake serikalini, na tarehe 20 Mei dunia humfanyia sikukuu. Nyigu ana kandambili.

Wapo watakaosema jiji la watu mamilioni haliwezi kuacha kupuliza dawa, kuna malaria, kuna dengi. Ni kweli, na jibu zuri tunalo mlangoni. Katika mpango wa kudhibiti malaria mjini ulioanza Dar es Salaam mwaka 2004, viluwiluwi vya mbu viliuawa madimbwini kwa bakteria wanaodhuru mbu na ndugu zake wa karibu, si nyuki wala nyigu, na baadaye kiwanda cha kutengeneza dawa za aina hiyo kikajengwa Kibaha kwa teknolojia ya Cuba. Dawa inayomjua adui yake inawezekana. Kinachotushinda ni chambo cha mende ndani ya kikopo, kilichowekwa nyuma ya friji ambako nyigu hana shughuli, badala ya kunyunyiza ukuta mzima. Kinatushinda pia kuziba nyufa za chemba na kuzoa mabaki ya soko kabla ya usiku, kazi ambazo zingepunguza mende kuliko chupa zote za yule mwenye spika.

Mwenye nyumba au duka Kariakoo anayesoma makala hii, sikutumi ukafuge wadudu. Naomba mawili. Ukimwona mdudu wa kijani anamvuta mende, mpishe, umpige picha kwa simu, uiweke mahali watu wa wadudu wataiona pamoja na tarehe na mtaa. Hizo ndizo hesabu tusizokuwa nazo. Na ukikuta kiota cha udongo juu ya mlango, kikague kabla ya kuchukua ufagio. Kama kina matundu ya duara, wenyewe wameshahama, kibandue upake rangi. Kama kimezibwa chote, ndani kuna mtoto, mpe wiki chache.